Ukuta wa bafu ukilowa, usikimbilie kubomoa marumaru

Fundi akiingia bafuni na patasi mkononi kabla hajauliza swali hata moja, mpe kwanza kiti na chai. Nyundo ikishapigwa, marumaru ndiyo basi tena. Hata ukizipata dukani zenye jina lilelile, toleo jipya huwa limepauka au limekolea kidogo, na kile kiraka utakitazama kila asubuhi ukioga.

Kwangu unyevu ulijitokeza chumba cha kulala, nyuma ya kabati, kwenye ukuta unaopakana na bafu. Rangi ilivimba malengelenge, chini yake plasta ikawa inatoa unga mweupe wa chumvi. Fundi wa kwanza alitupa jicho mara moja tu. "Mama, hapa lazima ukuta wote wa marumaru ushuke." Nikamuuliza maji yanatoka wapi. "Tutayakuta humohumo." Nikampa nauli, nikamshukuru.

Maji yanayolowesha ukuta wa shawa hutoka sehemu nne: bomba lenye maji muda wote, kipande kinachopanda kutoka miksa (koki inayochanganya maji moto na baridi) hadi kichwa cha shawa, bomba la maji machafu, au maji ya kuoga yenyewe, yanayopenya kwenye kona na mistari ya grauti, kile kijazio cha katikati ya marumaru. Kila sehemu unaweza kuipima bila kuvunja kitu.

Kabla ya vyote, chukua penseli uchore ukingo wa doa na uandike tarehe pembeni. Tofali za simenti hunyonya maji na kuyatembeza, kwa hiyo doa linaweza kuwa mbali na tundu lenyewe. Tena ukuta huo hukauka taratibu, pengine wiki kadhaa, hivyo usiseme "bado inavuja" kwa sababu tu umeugusa ukakuta umelowa. Tazama kama doa limevuka mstari.

Kuhusu bomba lenye maji muda wote, ushauri unaozunguka mitandaoni ni kufunga koki zote uangalie kama mita inazunguka. Hapa Dar wengi wetu maji ya DAWASA yanaingia kwanza kwenye tangi, na tangi ndilo linalolisha nyumba, kwa hiyo mita haijui lolote kuhusu ukuta wako. Pima tangi. Usiku funga maji yanayoingia tangini, funga na koki ndogo ya choo (boya bovu huvujisha maji kimyakimya ndani ya bakuli, ukaishia kuusingizia ukuta), kisha weka alama ya tepu penye usawa wa maji. Tangi lenye upana wa mita 1.1, sentimita 1 ikishuka ni kama lita 9 na nusu, kwa hiyo hata mvujo mdogo utauona asubuhi. Mwenye pampu ya presha asikilize: ikijiwasha usiku wakati hakuna koki iliyofunguliwa, kuna mahali maji yanatoka, ingawa wakati mwingine mbovu ni valvu ya pampu yenyewe.

Na hizo pampu! Tangi lililo mita 4 juu ya shawa linatoa presha ya bar 0.4 tu. Pampu ya nyumbani inafika bar 2 au 3. Maungio yaliyotulia miaka yote chini ya tangi huanza kuvuja pampu ikishafungwa, na lawama zote anaangushiwa fundi marumaru.

Usawa wa maji tangini ukibaki palepale, maana yake ukuta unalowa mnapooga tu. Anza na bomba la maji machafu: chomeka mpira wa maji ndani ya tundu lake, uyaache yatiririke nusu saa bila kulowesha sakafu wala kuta. Doa likikaa kimya, ziba tundu hilo, jaza sakafu maji ya kina cha sentimita 2, uyaache mpaka kesho yake. Fanya jaribio moja kwa siku. Ukiyachanganya hutajua lipi limekujibu.

Kipande cha kutoka miksa kwenda juu ndicho ambacho mafundi wengi hukisahau, na ndicho kilichonisumbua mimi. Bomba hilo huwa halina presha mpaka ufungue shawa, kwa hiyo jaribio la tangi halilioni kabisa. Ng'oa kichwa cha shawa, weka plagi (kizibo cha bomba) mahali pake, kisha fungua miksa upande wa baridi tu. Sasa bomba limejaa presha na hakuna tone linalogusa marumaru. Kwangu doa lilianza kung'aa kabla hata sijamaliza kupika chakula cha mchana. (Shawa ya umeme usizibe mdomo wake kamwe. Zima umeme, iteremshe, plagi ifungwe kwenye elbo (kiungo cha kona cha bomba) ya ukutani. Na kama doa liko karibu na swichi au soketi, zima swichi kuu umwite fundi umeme kwanza.)

Kisha tulibomolea chumbani, siyo bafuni. Hili ningelirudia kwa kila mwenye bafu linalopakana na chumba au korido: plasta na rangi hurudishwa kwa siku chache, marumaru hazirudi. Tulipima kutoka mlangoni na sakafuni, tukatoboa tundu lenye ukubwa wa tofali moja, na elbo ikaonekana. Ilikuwa elbo ya PPR (bomba la plastiki linaloungwa kwa moto) yenye jino la shaba ndani, na pale plastiki inapoikumbatia shaba palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Tone lilikuwa linajikusanya, linaanguka, jingine linaanza. Aliyefunga mkono wa shawa alizungusha tepu ya kuzuia maji nyingi mno kwenye jino, kisha akakaza kwa spana mpaka plastiki ikapasuka.

Kama hakuna bomba linalovuja, hapo sasa mwagia kuta maji, ukianzia chini kwenda juu. Mara nyingi tatizo ni kona. Watu wanadhani marumaru na grauti ndizo zinazozuia maji, kumbe grauti ya kawaida inapitisha unyevu, na simenti nyeupe tuliyozoea kujazia hupata nyufa mapema. Kona za kuta mbili, na pale ukuta unapokutana na sakafu, panahitaji silikoni, kwa sababu hapo pana mchezo kidogo na grauti haivumilii. Kupaka grauti mpya juu ya ya zamani ni kupoteza hela. Ikwanguliwe kwanza.

Unayejenga sasa una bahati. Kabla plasta haijapigwa, ziba midomo yote, mabomba yajaribiwe kwa presha inayozidi ile yatakayofanyia kazi, mara moja na nusu hivi. Kisha piga picha kila ukuta, futi ya fundi ikiwa imenyooshwa kandokando ya bomba ili vipimo visomeke. Baada ya plasta, dawa ya kuzuia maji ipakwe mikono miwili, yaani mara mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza, kwenye sakafu yote na ukuta wa shawa mpaka juu ya kichwa cha mwogaji. Fundi abandike marumaru kwa simenti iliyoenea mgongo mzima, siyo madonge matano yanayoacha mapango ya maji nyuma yake. Weka koki ya kufungia bafu peke yake. Na boksi moja la marumaru lifiche chini ya kitanda, usimpe jirani.

Baada ya matengenezo, fundi atataka kuziba tundu siku hiyohiyo ili alipwe akaendelee na kazi nyingine. Mwambie liachwe wazi kwanza, ogeni kama kawaida, kila jioni pitisha karatasi ya chooni chini ya elbo. Ikitoka kavu siku kadhaa mfululizo, aje apige plasta na achukue hela iliyobaki.