Fuwele zinazojijenga zenyewe na kuitikia nuru

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kuhusu fuwele ambazo molekuli zake hujipanga zenyewe katika mfumo wa wavu, kisha hubadilika zikimulikwa. Hupangikaje pasipo fundi, na nuru huzifanya nini hasa? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kujipanga huko unakuona hapo ulipo, maji ya bahari yanapokauka katika mashamba ya chumvi na kuacha fuwele, yaani chembe zenye pembe zilizonyooka, bila mkono wa mtu kuzichonga. Katika wavu unaouulizia, atomi za metali, kwa mfano zinki, huwa vifundo, na molekuli ndefu zenye kaboni huwa viunganishi, hata vikabaki vyumba vitupu ndani yake. Mpangilio hunyooka kwa sababu mishiko kati ya vifundo na viunganishi huweza kuachia: molekuli ikishika mahali pasipofaa hubanduka ndani ya kimiminiko ambamo wavu hujijenga na kushika tena, hadi itulie mahali pake. Ujenzi wa nyavu hizi ndio uliowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025.

Ama nuru, tuitazame azobenzini, kemikali ya rangi ya machungwa yenye pete mbili za kaboni zilizoungwa na atomi mbili za nitrojeni. Ikinyooka, ncha zake huachana kwa takriban nanomita 0.9 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ikipigwa na mionzi ya urujuanimno hujikunja, umbali huo ukapungua hadi karibu 0.6, na nuru ya buluu au joto huinyoosha tena.

Hapa ndipo penye ugumu, na kwangu mimi ndipo penye uzuri wa elimu hii. Katika fuwele ya kawaida molekuli zimebanana kama dagaa katika gunia, kwa hiyo azobenzini haipati pa kujikunjia hata ikimulikwa kutwa. Lakini ikining'inizwa ubavuni mwa kiunganishi, ikielekea ndani ya chumba kitupu, hujikunja na kunyooka kwa nafasi, na kila mara hubadili njia ya gesi inayopita humo. Kwa kuwa molekuli za juu huimeza nuru kabla haijafika ndani, watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, waliutandaza wavu huo kuwa utando mwembamba, wakautumia kutenganisha haidrojeni na kaboni dioksidi, na ukali wa mchujo wakaupandisha na kuushusha kwa kubadilisha taa tu.