Re: Podikasti ina wasikilizaji 300, naweza kupata matangazo?

Mkuu, wasikilizaji 300 kwa kipindi ni wachache mno kwa matangazo yanayolipwa kwa kila upakuaji 1,000. Piga hesabu: 300 gawa kwa 1,000, zidisha kwa bei. Hata ukipewa dola 20, unabaki na dola 6 kwa tangazo, tena kabla ya makato.

Uza kwa bei moja mliyokubaliana, bila kuhesabu upakuaji. Tafuta biashara ndogo inayouza kitu ambacho wasikilizaji wako wanakihitaji kweli, umuuzie mwenye biashara nafasi ya tangazo kwenye vipindi vinne kwa mkupuo. Tangazo liwe la sekunde 60, ulisome kwa sauti yako, likae katikati ya kipindi. La mwanzoni kabisa watu huliruka. Mpe pia msimbo wa punguzo unaotajwa kwenye kipindi chako tu. Bila huo hutakuwa na ushahidi wa mauzo, na mdhamini hatarudi.

Takwimu za kumwonyesha ni upakuaji wa siku 30 za kwanza za kila kipindi, siyo jumla tangu uanze. Kwa viwango vya IAB (shirika linaloweka viwango vya matangazo ya mtandaoni), kifaa kilekile kikipakua kipindi mara tatu ndani ya saa 24 kinahesabiwa mara moja, kwa hiyo usichukue namba za juujuu.

Michango ya kila mwezi, mfano Patreon (jukwaa la mtandaoni ambako mashabiki humchangia mtayarishaji), fungua hata leo. Ila ahidi kipindi kimoja tu cha ziada kwa mwezi, maana ukiahidi kila wiki utachoka na wachangiaji watajitoa.