Nilipigana na Tabaka la Chokaa Miaka Mitatu

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha ya bonge jeupe, gumu, lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Aliandika: "Kaka, hiki ndicho nilichokikuta chini ya malisho yangu, sentimita 35 tu. Mwenye trekta anasema atakipasua kwa siku mbili. Nimlipe?"

Usimlipe, ndugu yangu. Nilikujibu hivyo siku ile ile, lakini usiku sikupata usingizi. Swali lako niliwahi kuwa nalo mwenyewe, na wa kunijibu hakuwepo.

Eneo langu nililipenda kwa macho. Nyasi fupi zilizoshikana, mteremko mdogo, udongo wa kahawia unaomeguka vizuri mkononi. Vijiwe vyeupe vilivyotapakaa juu niliviona, nikavipita. Mwaka wa kwanza nikaleta miche 200 ya miti ya kivuli. Shimo la kwanza, sururu ikalia kama imegonga reli. Shimo la pili, vile vile. Kila mahali, kati ya sentimita 25 na 40, kulikuwa na sakafu nyeupe. Nikaitoboa kwa mtaimbo kidogo kidogo mpaka mikono ikachubuka, nikapanda.

Mvua zilipokuja, yale mashimo yakageuka mabakuli. Maji hayakuwa na pa kwenda, na miche mingi ikaoza mizizi. Iliyosalia ikakauka kiangazi. Nilipoing'oa nilikuta mizizi imetambaa juu ya lile tabaka kama mkeka, haikushuka hata kidole kimoja.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililoniuma zaidi. Nilimwita mtu mwenye trekta na jembe la jino refu, akanihakikishia kwamba "udongo utafunguka". Nilimlipa fedha za kununulia ng'ombe wawili wazuri. Jino lilinyanyua vipande vipana kama vigae, likaleta juu unga mweupe, na likang'oa nyasi za miaka mingi. Mvua kubwa ya kwanza ikasomba udongo wa juu. Mbegu za nyasi nilizomwaga baadaye ziliota na majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, dalili ya kukosa chuma. Chuma kilikuwemo udongoni, ila penye chokaa nyingi hakiyeyuki kiasi cha kutosha mizizi kukinyonya. Zinki nayo hubanwa, na fosforasi hushikwa na kalsiamu. Urea niliyoinyunyiza juu bila kuifukia, sehemu yake ilipotea hewani ikiwa amonia.

Mwaka wa tatu sitausimulia. Ulikuwa ni kurudia yale yale kwenye kona nyingine.

Nilipoacha kupigana ndipo nilipoanza kujifunza. Maji ya mvua huchukua kaboni dioksaidi hewani na zaidi udongoni, yakawa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa ya udongo na ya vumbi linaloletwa na upepo. Penye mvua haba hayafiki mbali. Mizizi inayanywa, jua linayavuta, chokaa inabaki pale yalipoishia. Huanza kama nyuzi nyembamba na utando chini ya changarawe, zikafuata punje, punje zikaungana, mwisho tabaka zima likaziba. Maji yakishazuiwa, yanatuama juu yake na kuacha ngozi juu ya ngozi kama kurasa. Wanasayansi wa udongo Gile, Peterson na Grossman walizipanga hatua hizo mwaka 1966, kutokana na utafiti wa majangwa ya New Mexico, Marekani. Kufika hatua ya mwisho ni kazi ya maelfu mengi ya miaka. Mimi nilitaka kuifuta kwa siku mbili za trekta!

Marekani wanaliita caliche, India kankar, Argentina tosca. Hata kwenye nyanda za nyasi fupi za Serengeti lipo, na ni sababu mojawapo ya miti kuwa adimu pale. Nyumbu hawalalamiki: huzalia hapo hapo, na sababu mojawapo ni kwamba nyasi zile zina madini mengi. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Ardhi niliyoiita mbovu haikuwa mbovu. Ilikuwa ardhi ya nyasi, nami nilikuwa nailazimisha iwe msitu.

Mtu mwingine alinishauri niiue chokaa kwa salfa, ambayo udongoni hugeuka asidi. Piga hesabu kabla hujashawishika. Hekta moja, kina cha sentimita 30, ina udongo wa tani 3,900 hivi. Ikiwa asilimia 10 ni chokaa, hizo ni tani 390. Kilo moja ya salfa humaliza takriban kilo tatu za chokaa, kwa hiyo unahitaji zaidi ya tani 120 kwa hekta moja. Na anayekushauri umwage chokaa ya kilimo kwenye udongo huu, mkatalie kwa heshima. pH yake, yaani kipimo cha uasidi, tayari huwa karibu na 8, na chokaa huipandisha. Ikipanda kupita 8.5, shuku magadi, na hilo ni tatizo jingine.

Hesabu muhimu kuliko zote ni ya maji. Udongo tifutifu wa kina cha sentimita 30 unaweza kuwapa mimea kama milimita 45 za maji. Theluthi moja ikiwa mawe, zinabaki 30. Jua kali likichukua milimita 5 kwa siku, ghala limekwisha ndani ya wiki. Ndiyo maana malisho haya huwa ya kijani haraka baada ya mvua na kunyauka haraka vile vile. Ndiyo maana pia ukiacha sentimita 5 zisombwe, umepoteza sehemu ya sita ya ghala lako, na hutaishi uione ikirudi.

Basi pima kina. Pima kina kabla ya kununua, kabla ya kupanda, kabla ya kumsikiliza yeyote mwenye mashine. Kisha linda nyasi. Mimi huondoa mifugo wakati nusu ya nyasi bado imesimama, hata kama majirani wananiona nafuja, kwa sababu mashina yale ndiyo yanayopunguza kasi ya maji na kuyapa nafasi ya kuzama. Sirudishi mifugo mpaka nyasi zimejijenga upya. Kiangazi kilichopita ng'ombe wangu 14 walikimaliza hapa hapa, bila kuhamishwa. Nalisema kwa fahari, kwa sababu nimelilipia. Wafugaji wenzangu, tuache kuiadhibu ardhi kwa kuwa haifanani na ile tuliyoitamani.

Miti ninayo michache sasa. Hustawi pale tu ambapo vichaka vya asili vilikuwa virefu kuliko vingine, maana mara nyingi hapo chini pana ufa na mizizi imeshapata njia. Nagonga kwa mtaimbo kwanza, ukizama, napanda.

Kwa hiyo, ndugu uliyeniandikia, chukua lile bonge. Livunje vipande viwili. Kimoja kidondoshee siki: kikichemka povu, ni chokaa, kisipochemka kabisa, huenda gundi yake ni silika (madini ya mchanga) au chuma. Cha pili kikaushe vizuri, kisha kilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Kikimumunyuka, ulichonacho ni udongo ulioshindiliwa tu, na maneno yangu mengi hapa hayakuhusu. Kikibaki kizima, chimba mashimo kumi, bondeni na mwinukoni, uandike kina cha kila moja. Nitumie namba hizo kumi, tuangalie pamoja wapi pa nyasi na wapi pa kujaribu mti.