Wasomaji Wauliza: Mjusi wa Karonga ni mifupa au ni nakala?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu, na ninakusudia kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kumwona dinosaria katika makumbusho ya Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Malawi. Mwalimu mwenzangu ananiambia nitakuwa nimetupa fedha za wazazi, kwa kuwa mjusi aliyesimamishwa pale si mifupa halisi bali ni wa kutengenezwa. Je, ni kweli? Na tukifika, tunaweza kwenda mpaka pale alipochimbwa, wanafunzi wakaokota japo kipande kimoja cha kuweka maabara?

JIBU: Mwalimu, mwenzako amesema kweli, ila hesabu yake ndiyo yenye kasoro. Mjusi unayemkuta amesimama ukumbini Karonga, ambaye wataalamu humwita Malawisaurus, ni nakala iliyotengenezwa kwa kufuata mifupa halisi, na ndivyo yanavyofanya makumbusho mengi duniani. Mfupa uliokaa ardhini zaidi ya miaka milioni 100 umekwisha kuwa jiwe. Una uzito wa jiwe, huvunjika kama jiwe, na ukiutoboa ili kupitisha chuma cha kuushikilia umeuharibu kwa mtafiti atakayeuhitaji kesho. Hata mjusi wetu aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, na ambaye sasa yuko Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na kichwa anachowatazamia wageni kutoka juu ni nakala, kwani fuvu lenyewe limehifadhiwa pembeni. Sijasikia mgeni aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jambo jingine. Makumbusho ya Karonga, yaliyofunguliwa mwaka 2004, yanasimulia historia yote ya eneo lile chini ya paa moja, kuanzia dinosaria hadi siasa za juzi, na humo mna pia habari ya taya la binadamu wa kale lililopatikana Uraha mwaka 1991, lenye umri wa takriban miaka milioni 2.4. Mwanafunzi asiyeandaliwa atatoka hapo akiamini kwamba mwenye taya lile na mjusi walipishana njiani, ilhali baina yao ipo miaka zaidi ya milioni 100. Chora mstari wa nyakati ubaoni kabla ya safari, na uwe mrefu kiasi cha kuwashangaza.

Machimbo yako Mwakasyunguti, kusini mwa mji, na ushauri wangu ni kwamba msiende bila mwenyeji mliyepewa na makumbusho, kwa sababu bila mtu wa kuwaonyesha mtaona kilima na majani tu. Nendeni kiangazi, maana masika nyasi hufunika kila kitu. Mwombeni mwenyeji awaonyeshe jinsi wachimbaji wanavyotofautisha mfupa na jiwe la kawaida pale macho yanaposhindwa: hugusisha kipande kwenye ncha ya ulimi, na mara nyingi kikiwa mfupa hunata, kwa sababu ya vitundu vidogo vilivyobaki ndani yake.

Kuokota, hapana. Sheria inakataza huko kama inavyokataza kwetu, na sababu yake ni ya msingi: umri wa mfupa husomwa kutokana na tabaka la mwamba ulimolala, hivyo kipande kilichosafiri ndani ya mfuko wa kaptula hakina tena cha kueleza. Kwa ajili ya maabara, chukueni mfupa wa mbuzi, mkaukandamize kwenye udongo wa mfinyanzi, kisha mmimine plasta, ile ile wanayofungia mguu uliovunjika hospitalini. Wachimbaji nao huufunga mfupa kwa vipande vya gunia vilivyochovywa katika plasta hiyo kabla ya kuung'oa, na wanafunzi wako watakuwa wameelewa kwa mikono yao nakala ya ukumbini inavyozaliwa.

Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Mkivuka mpaka pale Kasumulu saa tatu asubuhi, upande wa pili ni saa mbili. Saa hiyo mtaidaiwa jioni, kwa hiyo mpangie dereva safari ya kurudi kwa saa ya Tanzania.

SWALI: Je, mjusi huyo wa Malawi ni ndugu wa yule wa Tendaguru? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Wote wawili ni wa kundi moja la wala majani wenye shingo ndefu, lakini wa Tendaguru aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita na wa Malawi alikuja baadaye sana, tena ni mdogo kwake. Undugu wa jina ulikuwapo kwa muda: mwaka 1928 Sidney Haughton alimwita wa Malawi Gigantosaurus dixeyi, kwa heshima ya mtaalamu wa miamba Frederick Dixey, akitumia jina la kwanza ambalo Eberhard Fraas alikuwa amewapa mijusi wa Tendaguru mwaka 1908. Jina hilo lilikuwa limekwisha kutumika Uingereza kwa mnyama mwingine, na mwaka 1993 Louis Jacobs na wenzake, baada ya kuchimba upya na kupata hata mifupa ya kichwa, wakampa la nchi yake.