Ridhaa ya ndoa kwa asiyesema

Ndugu, umeuliza iwapo mdogo wako, ambaye ni kiziwi na hasemi, anaweza kuitikia ndoa yake bila kusemewa. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, anaweza, kwani ishara yake inayofahamika huhesabiwa kuwa tamko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara za 12 na 23, nao unatambua uwezo wake kisheria na haki ya kuoa kwa hiari. Mvutano hujitokeza zaidi kwenye ulemavu wa akili, ambapo fikihi humweka mtu chini ya walii, yaani msimamizi wake, ilhali mkataba hutaka asaidiwe kuamua mwenyewe, lakini hilo halimhusu mdogo wako. Mtafutieni mkalimani wa lugha ya alama, asiwe jamaa mwenye maslahi, na ridhaa ishuhudiwe kwa maandishi.