Manati badala ya bunduki za rangi

Mdogo wangu, unauliza kama wewe na wenzako wa mtaa wa Himbi mnaweza kucheza peintiboli, mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi vinavyopasuka, kwa manati, na kama miwani ya jua inatosha. Kucheza mnaweza. Miwani ya jua, hapana kabisa! Kidonge cha rangi kina milimita 17 na gramu 3 hivi. Kikipenya pembeni, jicho limekwenda. Tafuteni barakoa za peintiboli zenyewe, na mtu akiivua, wote washushe manati.

Vidonge vingi vitadunda mwilini bila kupasuka. Msifunge mpira mkali zaidi kwa sababu hiyo. Kubalianeni kwamba aliyeguswa ametoka.

Kidonge kilichoanguka msikiokote kukirusha tena. Ganda ni la jelatini, hushika uchafu, na hapa Goma uchafu wenyewe ni changarawe ya lava, yenye makali kama kigae.