Usitangaze chembe nyeupe kabla ya siku tatu

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia kutoka Chennai, India, yuko wodini na mwanawe aliyepandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu: "Leo siku ya 14, nyutrofili 80 tu. Nifanyeje?" Nyutrofili ni zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Nililia mpaka mume wangu akadhani tumefiwa.

Namjua huyo dada bila kumwona. Mwanangu wa kiume alikuwa na selimundu, uloto akapewa na dada yake. Nilitarajia chumba cha upasuaji; kumbe ni kimfuko kama cha kuongezewa damu, kinadondoka taratibu. Hiyo ndiyo siku ya sifuri, hesabu ya siku huanzia hapo. Baada ya hapo dawa kali alizopewa mwanzo zikaonyesha makali yake: chembe nyeupe zikaisha, mdomo ukajaa vidonda, hata mate yake anayatemea kwenye kibakuli.

Siku ya 17, nesi kaleta karatasi: 520! Nikaipiga picha, nikairusha kwenye kundi la ukoo. Vigelegele, dua, mtu keshauliza tiketi za kurudi. Kesho yake 390. Shangazi yangu akaandika, "Si ulisema kapona?" Nimemsamehe, ila ujumbe wake sijaufuta.

Ningejua mapema: madaktari husema uloto mpya umeshika, yaani umeanza kutengeneza damu, nyutrofili zikifika 500 kwa maikrolita siku tatu mfululizo. Kwa kawaida ni kati ya wiki ya pili na ya nne. Kwa hiyo ukiona 500 ya kwanza, nyamaza. Ya pili, nyamaza pia. Sisi tatu zetu zilitimia siku ya 23. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo zilijivuta, akaendelea kuongezewa wakati majirani wa wodi wanafunga mabegi.

Na jamani, 500 si ruhusa ya kupokea wageni! Kinga huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kukomaa. Hata chanjo za utotoni anaanza upya. Nawa mikono. Bibi akifika na mafua, abaki nje, anune akitaka. Kama mtoto yuko kwenye saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga, balungi marufuku, hupandisha dawa kwenye damu. Tena nawa mikono. Wazazi tunapenda kusifiwa kuliko kutii, nami nilikuwa wa kwanza.

Leo asubuhi dada kaandika tena: 140.

Nikamuuliza, "Umemwambia nani?"

"Wewe tu."